Rasi ya Shangani na Hori Iliyofukiwa

Mgeni aliyefika Unguja kwa jahazi katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa aliuona mji kama uliosimama juu ya kisiwa chake wenyewe. Mbele yake palikuwa na bandari. Ubavuni kwa kusini palikuwa na bahari. Na nyuma, mahali ambapo macho ya mtu aliye sitahani hayakufika, palikuwa na maji mengine, yaliyoingia kwa kinywa chembamba upande wa kaskazini, yakapita nyuma ya nyumba mpaka yakakaribia kuonana na bahari ya kusini. Siku za bamvua mji ulibaki umeshikamana na kisiwa kikubwa kwa shingo nyembamba tu ya mchanga. Maji yalipokupwa hori hiyo ikawa tope, na mtu aliyekunja nguo yake magotini aliweza kuivuka kwa miguu. Kwa hiyo mahali hapo palikuwa rasi kwa saa kadhaa, kisha pakawa kama kisiwa kwa saa kadhaa, na wenyeji walipanga safari zao kwa kufuata mwendo wa mwezi.

Leo hori hiyo haipo. Mahali pake pana barabara kubwa, soko, vituo vya magari, viwanja vya michezo na maduka. Walakini neno ng'ambo, ambalo maana yake ni upande wa pili wa maji, lingali likitajwa kwa mitaa iliyo mashariki ya barabara hiyo, ingawa mtu huivuka kwa miguu mikavu. Maji yaliondoka, jina likabaki; na pamoja na jina yalibaki mambo mengine mazito kuliko jina.

Rasi yenyewe ni ndogo. Ina umbo la pembetatu, na ncha yake ya magharibi, iitwayo Shangani, imeelekea mkondo wa bahari utengao Unguja na bara, ambao upana wake ni kiasi cha kilomita 35 hadi 40. Eneo la Mji Mkongwe kama lilivyopimwa na kuandikwa katika urithi wa dunia ni hekta 96 tu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kulizunguka kabla chai yake haijapoa, kama hatapotea katika vichochoro, na aghalabu hupotea. Chini ni mwamba wa matumbawe ya kale na mchanga. Udongo wenye rutuba hapana. Mashamba mazuri ya kisiwa yako mbali kidogo, kaskazini na katikati, ambako mikarafuu ilipandwa baada ya mbegu yake kuletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Rasi haikumpa mtu chakula. Ilimpa bandari.

Na bandari hiyo ni njema kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Upande wa magharibi na kaskazini vimetanda visiwa vidogo, Changuu, Chapwani, Kibandiko na Bawe, pamoja na mafungu na miamba, ambavyo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Kina cha maji karibu na nchi kinatosha marikebu kubwa. Maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya takriban mita nne wakati wa bamvua, na tofauti hiyo ilikuwa gati ya asili kabla gati za mawe hazijajengwa: chombo kiliingia na maji ya kujaa, kikaegemea mchangani maji yalipotoka, kikashushwa shehena au kikakwanguliwa chini, kikatiwa kalafati na kupakwa deheni, kisha kikaelea tena bila ya mtu kukisukuma. Kazi hiyo ilifanywa hasa kinywani mwa hori, pande za Malindi na Funguni. Jina la Funguni lenyewe linaeleza mahali palivyokuwa, fungu la mchanga kando ya maji.

Pepo nazo zilikuwa na kalenda yao. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, papa, mazulia, vyombo na watu. Kusi iliposhika, kuanzia Aprili, iliyarudisha yakiwa na pembe, boriti, nazi, karafuu, na kwa miaka mingi yakiwa na binadamu waliouzwa. Richard Burton, aliyefika Unguja Desemba 1856, aliandika kwamba idadi ya watu wa mji iliongezeka sana wakati wa kaskazi na kupungua upepo ulipogeuka. Mji uliopumua namna hiyo, ukijaa na kupwa watu kama hori ilivyojaa na kupwa maji, haukuweza kuwa na mipaka migumu. Na ni jambo la kukumbuka pale wasimulizi wanaposema kwamba tangu asili Mji Mkongwe ulikuwa wa kabila hili na ng'ambo ikawa ya kabila lile.

Wakazi wa kwanza wanaojulikana katika rasi walikuwa wavuvi na wakulima wadogo wa Kiswahili. Wareno walifika kisiwani mwaka 1503, Ruy Lourenço Ravasco alipowatoza watu wa Unguja ushuru kwa nguvu, na baadaye wakajenga kanisa dogo ukingoni mwa bahari. Mwishoni mwa karne ya kumi na saba Waomani waliwatoa Wareno katika pwani hii. Malkia Fatuma, aliyetawala wenyeji wakati huo na kupatana na Wareno, alichukuliwa mpaka Maskati akakaa huko uhamishoni kabla ya kurudishwa. Juu ya kiwanja cha kanisa Waomani walijenga ngome, nayo ingali imesimama mkabala wa Forodhani. Simulizi za kisiwa husema kwamba mwana wa Fatuma, Hasan, ndiye aliyeanza kufyeka msitu wa rasi ili mji upate nafasi. Baada ya muda watawala wenyeji, walioitwa Mwinyi Mkuu, waliondoka pwani wakaenda kukaa Dunga, katikati ya kisiwa. Hilo lapasa kutazamwa vizuri: wenye nchi walihamia bara ya kisiwa, na rasi ikaachiwa wenye vyombo.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, katika miaka ya 1830 na kukamilisha mnamo 1840, mji ulianza kukua kwa kasi ambayo rasi haikuizoea. Walikuja Wahindi wenye fedha, Wahadhrami, Wangazija, Wamarekani na Wazungu wa mataifa mbalimbali wakafungua balozi na maghala. Wakaletwa kwa maelfu watumwa kutoka bara. Nyumba za mawe ziliongezeka Shangani, Forodhani, Baghani, Kiponda na Malindi. Lakini baina ya nyumba hizo vilikuwapo vibanda vingi vya miti na makuti, hata nyuma ya majumba ya matajiri. Ramani iliyochorwa na wasafiri wa Kifaransa waliokuwa pamoja na Charles Guillain, mwaka 1846, yaonyesha rasi iliyochanganyika mawe na makuti, na tayari makazi yameanza kuvuka hori upande wa mashariki.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya vifaa vya ujenzi, maana ndivyo vilivyokuja kutumiwa baadaye kuwagawa watu. Nyumba ya mawe ya Unguja imejengwa kwa matumbawe yaliyovunjwa, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka katika mito ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba: kiasi cha mita tatu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Ndiyo maana hata katika nyumba za kifalme vyumba ni virefu na vyembamba. Nyumba ya ng'ambo nayo ilisimamishwa kwa nguzo za mikoko, ikafungwa fito, ikajazwa udongo na vipande vya mawe, mara nyingi ikapakwa chokaa, ikaezekwa makuti. Nyumba hizo mbili ni ndugu. Zimetoka katika bahari moja na mwitu mmoja wa mikoko. Tofauti yao kubwa ni wingi wa chokaa na uzito wa mfuko wa mwenyewe. Mtu aliyefanikiwa aliweza kubadili ukuta mmoja baada ya mwingine mpaka nyumba ya udongo ikawa ya mawe katika muda wa kizazi kimoja. Wapo waliofanya hivyo pande zote mbili za maji.

Daraja lililopita juu ya hori lilijengwa katika enzi ya Seyyid Said, nalo ndilo lililoupa mtaa wa Darajani jina lake. Upande wa pili palikuwa na mashamba ya minazi na miembe, na majina ya mitaa yangali yakihesabu miti iliyokatwa: Kikwajuni, Michenzani, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu. Wenye mashamba waliwaruhusu watu wao, watumwa, wahuru, wafuasi na maskini waliohitaji himaya, kujenga vibanda bila ya kodi au kwa heshima ndogo ya sikukuu. Ardhi nyingine iliwekwa wakfu. Kwa desturi ya wakati ule mwenye ardhi alikuwa mwenye ardhi, na mwenye nyumba alikuwa mwenye nyumba juu ya ardhi ya mwenziwe, na wote wawili waliona mambo yako sawa. Desturi hiyo, iliyokuwa ya ukarimu na ya utumwa kwa pamoja, ilikuja kuzaa ugomvi mkubwa.

Wakati huo hori yenyewe ilikuwa ikifanya kazi tatu ambazo hazipatani. Ilikuwa bandari ya vyombo vidogo. Ilikuwa mahali pa kutafuta samaki na kaa katika mikoko. Na ilikuwa jaa la mji. Taka, maji machafu, mizoga, vyote vilielekea huko, kwa matumaini kwamba bamvua itavichukua. Bamvua ilichukua sehemu tu. Visima vya rasi ni vifupi na maji yake yana chumvi, kwa kuwa bahari iko pande zote, na mwamba wa matumbawe hupitisha uchafu kama kitambaa kilichotoboka. Kipindupindu kilipiga mji mwaka 1858 na tena katika 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa balaa la pili na kuandika kitabu juu yake mwaka 1876, alifuata ugonjwa mtaa kwa mtaa na kuyatazama kwa makini maji waliyokunywa watu. Kwa bahati mbaya hori haikuwa na mtu wa kuitetea. Matajiri waliigeuzia kisogo, madirisha yao mazuri yakielekea bandarini; maskini walioishi kando yake hawakuulizwa.

Nyuma ya mji, ukingoni mwa hori, pale Mkunazini, ndipo palipokuwa na soko la mwisho la watumwa. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Biashara ambayo mji uliishi kwayo haikuwekwa mbele ya majumba, bali iliwekwa huku nyuma. Tufani ya Aprili 1872 ilizamisha vyombo vingi bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Seyyid Barghash, akiwa ametishiwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya kiwanja hicho. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye yule yule aliyekusanya hadithi za Waswahili na kutunga kitabu cha kufundishia lugha. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa ndani ya kanisa lake. Utumwa wenyewe haukukoma 1873. Hali ya utumwa ilifutwa katika sheria mwaka 1897, na hata hapo kwa masharti mengi.

Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliwahi kuishi uhamishoni Bombay na huko aliona mji wenye maji ya bomba. Aliporithi kiti alivuta maji matamu kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, akajenga hamamu kwa ajili ya umma, na mwaka 1883 akainua Beit al-Ajaib mbele ya bandari. Watu husifu jumba. Wangestahili kusifu bomba zaidi. Maji ya chemchemi yalifanya kwa afya ya rasi jambo ambalo hakuna ukuta wa mawe uliolifanya. Vita vya dakika chini ya hamsini vya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipoupiga mzinga mji kwa sababu Khalid bin Barghash alijitwalia ufalme bila ya idhini yao, viliua na kujeruhi watu yapata 500 na kuliangusha jumba la Sultani, lakini havikubadili sura ya rasi. Sura hiyo ilibadilishwa na kazi ya polepole zaidi, ya makarani, wapimaji na mikokoteni ya taka.

Serikali ya himaya ya Waingereza ilitazama ramani ikaona mstari tayari umechorwa na maji. Upande wa magharibi iliuita mji wa mawe, upande wa mashariki ikauita mahali pa wenyeji, na kanuni za ujenzi na za afya zikaandikwa kana kwamba mawe ni ya taifa moja na udongo ni wa taifa jingine. Hali halisi haikuwa hivyo. Vibanda vilikuwapo rasini miaka mingi baadaye, na ng'ambo zilikuwapo nyumba imara za mawe, pamoja na Waarabu, Wahindi na Wangazija waliokaa huko jirani na Waswahili na wahuru. Lakini kanuni ina nguvu ya kuzaa kile inachodai kwamba imekiona. Kibanda kilichoungua au kuanguka rasini hakikupewa ruhusa kwa urahisi kujengwa tena kwa makuti. Mwenyewe akavuka daraja. Watu walioachwa huru baada ya 1897 na kuja mjini kutafuta kazi ya upagazi na uchukuzi walivuka vile vile, kwa kuwa huko ndiko ardhi ilikopatikana.

Hori ilianza kufukiwa kipande kwa kipande. Mchanga na taka za mji vilimwagwa humo. Soko kuu lilijengwa Darajani mwaka 1904. Upande wa kusini, Mnazi Mmoja, palipatikana viwanja vya michezo, na mwaka 1925 hapo karibu likafunguliwa jumba la makumbusho, Beit el Amani, lenye kuba lililochorwa na J. H. Sinclair. Mwaka 1923 mpangaji miji H. V. Lanchester alikuwa ametoa kitabu cha mapendekezo juu ya mji mzima, na katika mipango ya namna hiyo uwanja mpana kati ya pande mbili ulipendeza kwa sababu mbili: uliondoa mbu na harufu, tena ulitenga watu. Sababu ya kwanza ilisemwa kwa sauti kubwa kuliko ya pili. Kazi iliendelea kwa miongo, kinywa cha kaskazini kikibaki maji muda mrefu, hata ikafika miaka ya 1950 ndipo hori ikakoma kuwa hori. Hapakuwa na siku moja ambayo mtu angeweza kusema, leo rasi imekwisha. Iliunganishwa na kisiwa kama jeraha linavyofunga.

Lililowagusa watu wa ng'ambo kuliko kufukiwa kwa hori lilikuwa kodi ya kiwanja. Serikali ilipotambua umiliki wa ardhi kwa hati na mahakama, wenye ardhi, ambao baba zao walipokea heshima ya sikukuu, walianza kudai fedha kila mwezi, na kiasi kikapanda. Mtu aliyejenga nyumba kwa jasho lake aliambiwa kwamba udongo ulio chini ya kitanda chake ni wa mwingine. Mwishoni mwa 1927 na mwanzoni mwa 1928 wapangaji wa ng'ambo walikataa kulipa. Wengine walishitakiwa, wengine wakafungwa. Umati ukaandamana na kuwatoa wafungwa kwa nguvu. Serikali, iliyozoea kuwaona watu hao kama wapole, ilishtuka, ikatunga sheria ya kuzuia kodi isipandishwe ovyo. Ni mara chache katika historia ya pwani watu wasio na hati wala silaha kuwashinda wenye hati. Na ushindi huo umesimuliwa kidogo mno, labda kwa kuwa haukuwa na jumba wala mzinga.

Katika mwaka huo huo wa 1928 mwanamke wa ng'ambo alisafiri mpaka Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, rasi nyingine ya kusini-magharibi ya kisiwa, katika nyumba ya maskini, mnamo 1880. Alikuwa mtoto wa mfinyanzi, akauza vyungu kwa kutembea vijijini, akaja mjini mnamo 1911, akafundishwa kuimba. Taarabu ya kasri ilikuwa imeimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mahakama, za mabwana wadanganyifu na za wanawake walioonewa, mambo ambayo baraza za ng'ambo zilikuwa zikiyajadili jioni. Aliitwa kuimba katika majumba ya rasi, akavuka Darajani usiku kwenda na kurudi. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na hilo peke yake laonyesha daraja lake katika lugha. Alifariki mwaka 1950, sauti yake ikiwa imefika miji ya pwani na bara ambayo majahazi ya Malindi hayakufika.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalianzia ng'ambo na pembezoni mwa mji, katika kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Watu wengi waliuawa na wengi wakakimbia kisiwa. Ardhi ikafanywa mali ya serikali, na kodi ya kiwanja, ile iliyoleta vita ya 1928, ikafa. Nyumba nyingi za rasi zilizoachwa na wenyewe walipewa watu kutoka ng'ambo, mashamba na Pemba, familia kadhaa katika nyumba moja. Nyumba ya mawe yataka chokaa kila baada ya miaka michache na paa lisilovuja. Boriti ya mikoko iliyolowa huoza mahali inapoingia ukutani, na ghorofa huanguka kimyakimya kutoka juu kwenda chini. Wakazi wapya hawakuwa na fedha za chokaa, na serikali macho yake yalikuwa kwingine.

Yalikuwa ng'ambo. Rais Abeid Amani Karume alitaka watu waliodharauliwa wapate nyumba za kisasa, na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki yalichorwa majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka pande nne za Michenzani. Kazi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Ili majumba yapate nafasi, nyumba nyingi za udongo zilibomolewa, pamoja na baraza zake, vichochoro vyake na ujirani wake. Waliopata nyumba za ghorofa walifurahia bomba na umeme. Mabibi wengine walilalamika kwamba ngazi zimewafanya wafungwa. Yote mawili yalikuwa kweli. Karume mwenyewe aliuawa ng'ambo, Kisiwandui, tarehe 7 Aprili 1972, kabla kazi haijakamilika.

Kuanzia 1985 Mji Mkongwe ulipewa mamlaka yake ya hifadhi, na mwaka 2000 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni walikuja, fedha zikaja, nyumba nyingi zikafanywa hoteli, na wakazi wengine wakauza haki zao na kuvuka tena kwenda mashariki. Mpaka wa eneo hilo la urithi upande wa mashariki unakaribia kufuata njia ile ile ya hori. Maji yaliyofukiwa yamefufuka katika karatasi: upande mmoja kubadili dirisha kwahitaji kibali, na upande wa pili nyumba ya udongo ya miaka mia ilivunjwa asubuhi ikawa duka la matofali ya saruji kabla ya mwezi kwisha, bila ya mtu kuuliza. Katika miaka ya 2010 wapangaji wa mji walijaribu kurekebisha hali hiyo kwa mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, wakapita mitaani kuandika nyumba, baraza na mahali ambapo watu wanapakumbuka. Jina la mpango huo ni la kuzingatiwa, kwa kuwa neno lililokuwa la kudharaulia limetajwa ndani yake kwa fahari.

Wala mawe hayakuwa salama kwa kulindwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wa saa, ilianguka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili.

Barabara iliyopita juu ya hori, iliyoitwa zamani Barabara ya Hori kwa lugha ya Waingereza, sasa ina jina la Rais Benjamin Mkapa. Asubuhi huwa imejaa wachukuzi, wauza mboga, wanafunzi na daladala, na wengi wa wanaoivuka wanatoka ng'ambo kwenda kufanya kazi mjini, kama mababu zao walivyofanya juu ya daraja. Sikukuu za Idi watoto hukusanyika Mnazi Mmoja kwa nguo mpya, juu ya nchi ambayo haikuwapo. Na katika bamvua kubwa, hasa ikiandamana na mvua ya masika, maji ya chumvi hupenya hata leo katika viwanja vya Mnazi Mmoja, yakatanda juu ya nyasi kwa saa kadhaa, kisha yakarudi baharini maji yanapokupwa.